Gari la Rimoti Si Toi: Ukiita Watu Uani Kwako, Kata Bima

Najua nilipotea, ni mambo ya mitihani na maandalizi ya kwenda kufundisha kwa mazoezi, lakini leo nimerudi na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na nyie mnaokaa pale kwenye vimbweta mkijifanya mahakimu wa dunia nzima. Naweka msimamo wangu mezani mapema, ili asiye na uvumilivu aanze kunitukana sasa hivi: mtu akijenga uwanja wa kushindanisha magari ya rimoti uani kwake, akaita majirani na watoto wao, basi ama akate bima ya dhima ama aufunge huo uwanja. Katikati hapo hakuna kitu.

Kwa ambao hawakuwepo, kisa ni hiki. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi New Jersey kule Marekani. Ana nyumba ya mkopo, ana mke, ana watoto wawili, na ana ugonjwa wa magari ya rimoti. Nyuma ya nyumba amejenga uwanja wa udongo wa maana kabisa: kona zimezungushiwa yale mabomba meusi ya plastiki ya kutolea maji, kuna miruko mitatu, na kuna jukwaa la mbao ambapo madereva wanasimama na rimoti zao. Jumamosi wanakuja watu kama 15, wengine na watoto. Sasa amefikiria aanze kutoza dola 10 kwa kila gari ili anunue mtambo wa kuhesabu mizunguko. Akampigia wakala wake wa bima ya nyumba kuuliza. Wakala akamwambia: simamisha kwanza, usiite mtu mpaka tuusome mkataba wako. Kaka akaja kulalamika kwenye grupu la ukoo, mimi nikawasimulia nyie, mkacheka mpaka machozi. Eti Wazungu wanaogopa hata toi! Eti mtu mzima anakatia bima mchezo wa watoto! Eti huyo wakala anatafuta hela tu!

Sawa. Mmeshacheka. Sasa twende hoja kwa hoja.

"Si toi tu lile?"

Hapana, si toi. Lile la dukani kwa Mchina linalozunguka sebuleni na kugonga miguu ya meza, hilo ni toi. Yale wanayoshindanisha watu wazima ni mashine. Chukua lile la kipimo cha moja ya nane, linalotumia mafuta ya nitro. Lina uzito wa kama kilo 3 na nusu na kwenye sehemu iliyonyooka linagonga kilomita 60 kwa saa bila taabu. Nyie wenzangu wa fizikia chukueni kalamu. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 16.7 kwa sekunde. Nusu ya uzito mara mwendo wa kipeo cha pili, unapata karibu jouli 490. Nishati hiyo ni sawa na kuachia mzigo wa kilo 3 na nusu udondoke kutoka mita 14 hivi, yaani kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Haya, nani anataka kusimama chini apokee na mfupa wa mguu? Na hapo sijawagusa wale vichaa wa mwendo kasi. Mwaka 2014 kule Utah gari la rimoti lilipimwa likivuka maili 200 kwa saa, zaidi ya kilomita 320. Basi la mkoani haliendi hivyo hata dereva akiwa amechelewa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hamlijui kwa sababu mnaangalia video tu. Kwenye mashindano haya gari likipinduka haliinuki lenyewe. Lazima mtu asimame kwenye kona, akimbilie katikati ya njia, aligeuze, arudi pembeni. Desturi ya mchezo ni kwamba ukimaliza raundi yako unashuka jukwaani na kwenda kusimama kona kuwainulia wenzako. Sasa huyo anayeinama kuokota gari, mgongo kawapa magari mengine kumi yanayokuja, ndiye yupo kwenye hatari kuliko wote. Na kwenye viwanja vya uani kazi hiyo nani anaipenda kuliko wote? Watoto. Kaka mwenyewe alituma picha ya mtoto wa jirani, miaka 9, kasimama kwenye kona ya mruko wa pili, anacheka meno yote nje. Nyie mliona picha nzuri. Mimi niliona ule mguu.

Ongeza na betri za lithiamu zinazochajiwa mezani, ambazo ikipigwa vibaya au ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto. Ongeza na madumu ya mafuta. Toi gani hiyo?

"Si ana bima ya nyumba?"

Hii angalau ni hoja ya mtu aliyefikiri. Ni kweli, bima ya nyumba ya Marekani kwa kawaida ina sehemu ya dhima. Mgeni akiteleza kwenye ngazi zako, kampuni inaingia. Kuna kikomo cha fidia, mara nyingi kinaanzia dola 100,000, na kuna fungu dogo la matibabu ya mgeni bila kuuliza nani mwenye makosa, dola 1,000 mpaka 5,000 hivi. Nzuri sana. Lakini mkataba wa bima, wadau, ni kama maswali ya yule lekcha wetu mnayemjua: jibu liko kwenye maneno madogo ya mwisho.

Neno la kwanza ni biashara. Mikataba ya kawaida ya nyumba inakwepa kulipa madhara yanayotokana na shughuli ya biashara. Siku kaka anapopokea dola 10 ya kwanza, ameanza kutembea kuelekea kwenye mstari huo. Kuna mikataba inayovumilia mapato madogo, kuna fomu iliyotumiwa sana inayotaja dola 2,000 kwa mwaka. Sasa piga hesabu: magari 15, dola 10 kila moja, kila Jumamosi. Hiyo ni 150 kwa wiki, na kabla ya wiki ya kumi na nne kwisha 2,000 imepitwa. Na mwenyewe anajiona hafanyi biashara, ananunua mtambo tu!

Neno la pili ni mashindano. Mikataba mingi inaondoa chombo chenye injini kinachoendeshwa kwenye mashindano yaliyopangwa. Je, gari la kilo 3 na nusu ni chombo chenye injini kwa maana ya mkataba? Mawakili wanaweza kubishana hapo mpaka wajukuu waote mvi, na wewe ndiye unayelipia kila saa ya ubishi huo. Kwa hiyo yule wakala mliyemwita mwizi alifanya kazi yake sawasawa. Mwizi angesema "hakuna shida bosi, endelea", akachukua ada, halafu siku ya ajali akafungua ukurasa wa 14.

"Si wanasaini karatasi?"

Hapa ndipo mwenzetu mmoja wa sheria alisimama kabisa na kupigiwa makofi. Eti wazazi wasaini karatasi kwamba lolote likitokea hawatadai. Biashara imekwisha.

Bahati mbaya kaka yupo New Jersey. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kesi ya mtoto wa miaka 12 aliyeumia kwenye kiwanja cha kuteleza na ubao cha kampuni ya Vans. Mama yake alikuwa amesaini karatasi ya namna hiyohiyo. Mahakama ikasema mzazi hawezi kuuza haki ya mtoto ya kudai fidia, kabla hajaumia, kwa kumsainia karatasi ya kuingia kwenye sehemu ya michezo ya kibiashara. Karatasi ya mama ikabaki karatasi.

Ni kweli majimbo hayafanani, nisije nikaambiwa naficha. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Ohio ilikubali karatasi ya mzazi kwenye kesi ya klabu ya mpira ya watoto ya Mentor. Lakini ile klabu ilikuwa haitafuti faida, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na mahakama iliwaonea huruma hao. Kaka anayetoza dola 10 langoni atasimama upande gani, wa Vans au wa Mentor? Halafu hapo tunawazungumzia walioalikwa. Kuna na yule asiyealikwa, aliyeruka ukuta Jumatano mchana kwa sababu ameona miruko na bado ana miaka 6. Hilo nalo wameshalimaliza zamani. Kampuni moja ya reli kule Nebraska iliacha sahani yake ya kugeuzia vichwa vya treni bila kuifunga, watoto wakaenda kuchezea, mmoja akasagika mguu. Kampuni ikajitetea kwamba mtoto hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Mwaka 1873 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa utetezi huo na fidia ya dola 7,500 ikasimama. Yaani zaidi ya miaka 150 iliyopita walishaona kwamba ukiweka kitu kinachowaita watoto kwa sauti, usijifanye hukuwaita.

"Marafiki hawashtakiani"

Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote kwa sababu inatoka moyoni. Eti hao ni marafiki, wanakula nyama choma pamoja, nani atamshtaki nani?

Wadau, rafiki anaweza asitake kukushtaki, na bado ukashtakiwa. Mtoto akivunjika mguu kule, hospitali inapeleka bili kwa bima ya afya ya familia. Bima ya afya inalipa, halafu inatuma barua kuuliza: ameumia wapi, kwa nani, kwa sababu gani? Mikataba mingi inaipa hiyo kampuni haki ya kumfuata aliyesababisha ili irudishiwe pesa yake. Kampuni haikula nyama choma kwenu. Haimjui kaka. Na hata wazazi wakiamua kusamehe, mtoto mwenyewe kwa kawaida anaachiwa muda wa kudai baada ya kufikisha miaka 18. Yule wa miaka 9 anayecheka kwenye picha anaweza kurudi akiwa na ndevu.

Ila hata tukiacha sheria pembeni, hebu fikirini huo urafiki wenyewe. Mtoto wa rafiki yako kaumia kwako. Bili imekuja na tarakimu tano. Yeye hana, wewe huna. Anaona aibu kukudai, wewe unaona aibu kumpigia simu. Jumamosi inapita, ya pili inapita, mwisho mnakutana dukani kila mtu anajifanya anasoma bei ya mchele. Urafiki umekufa bila mtu kwenda mahakamani.

Ndiyo maana nasema watu wanaielewa bima hii kichwa chini miguu juu. Bima ya moto inalinda nyumba yako. Bima ya dhima inamlinda jirani na umaskini wako. Umemwita, umemuumiza, na mfukoni huna kitu: hapo ndipo inapoingia. Na wewe inakusaidia kwa jambo moja kubwa ambalo watu hawalihesabu, nalo ni wakili. Mikataba ya kawaida ya dhima inaitaka kampuni ikutetee hata kama madai ni ya uongo mtupu. Mwenye haki asiye na wakili kule, kwa ninavyosikia, anafilisika akiwa na haki yake mkononi.

"Tungechangishana"

Na hapa najua mnanisubiri, kwa sababu hii ni ya nyumbani. Sisi hatuna mambo hayo, sisi mtu akiumia tunapitisha daftari. Kweli, na nimechangia mara nyingi tu, hata kwenye wiki ambazo bumu lilikuwa halijatoka na nashindia chapati na chai. Lakini tuseme ukweli: mchango ni bima iliyochelewa. Unakusanya pesa baada ya mfupa kuvunjika, kwa kutegemea kama aliyeumia anajulikana, kama ana ndugu wenye sauti, kama ni mwanzo wa mwezi. Aliyeumia katikati ya mwezi na hana mjomba serikalini, daftari lake linarudi na elfu kumi na nne.

Wazee wetu walishaliona hilo, ndiyo maana wakaunda vyama vya kufa na kuzikana. Mnatoa kidogo kidogo mkiwa wazima, siku ya siku pesa ipo. Sasa mnaoshangaa mambo ya Wazungu, jueni kwamba watu wa magari ya rimoti walifanya kitu hichohicho. Marekani kuna chama kinaitwa ROAR, kilianzishwa mwaka 1967, kinasimamia mashindano ya magari haya huko na Kanada. Uingereza kuna BRCA. Klabu ikijiandikisha na wanachama wakakata kadi zao, bima ya dhima inapatikana kupitia chama, kwa kuwa maelfu wanachangia mfuko mmoja. Uwanja mmoja wa uani ukienda peke yake kwa kampuni ya bima unaonekana kama kichaa kaja kuomba kitu cha ajabu. Ukienda na chama unakuwa mstari mmoja kwenye orodha ndefu, na mambo yako yanajulikana. Hicho ni chama cha kuzikana, ila kinashughulika na walio hai. Tunacheka nini sasa?

Na hata hapa kwetu, mbona hamcheki daladala? Sheria inalazimisha kila gari na kila bodaboda barabarani kuwa angalau na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Hakuna anayesema trafiki anaogopa maisha. Tumekubali kwamba anayeingiza mashine yenye mwendo katikati ya watu aje na pesa ya kuwalipa atakaowagonga. Mimi nasema tu kanuni hiyo haina sababu ya kuishia kwenye lami.

"Kampuni za bima ni wezi"

Baadhi ya malalamiko hapa nayakubali. Wanaandika mikataba ambayo mtu mwenye digrii mbili anaisoma mara tatu. Wanachukua ada haraka na kulipa kwa konokono. Lakini dawa ya mkataba mbaya ni kuusoma kabla ya kusaini. Nimemwandikia kaka maswali manne ya kumuuliza wakala, na majibu ayadai kwa maandishi:

1. Nikitoza kiingilio, bado mnanilinda?
2. Mashindano yaliyopangwa yamo au yameondolewa?
3. Washiriki wenyewe wamo, au ni watazamaji tu? Hili ni la muhimu mno. Bima nyingi za michezo zina kifungu kinachowatoa washiriki kabisa. Unalipa ada mwaka mzima, mtoto wa kwenye kona anagongwa, unaambiwa yule ni mshiriki, samahani.
4. Kikomo ni kiasi gani kwa tukio moja? Bima za shughuli za namna hii mara nyingi zinaandikwa dola milioni 1 kwa tukio na milioni 2 kwa mwaka.

Na bima yenyewe isiwe kisingizio cha uzembe. Weka wavu mbele ya watazamaji. Weka uzio na kufuli ili yule wa Jumatano asiingie. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na meza ya betri. Na kwenye kona wasimame watu wazima, kwisha. Bima inalipa bili, lakini mguu wa miaka 9 haina wa kuurudisha.

Sasa mtaniuliza, wewe mwalimu mtarajiwa magari ya rimoti ya New Jersey yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu mimi na nyie tunasomea kazi ya kukabidhiwa watoto wa watu. Kesho kutwa tutapewa darasa la watoto 80, tutawapeleka mashindano ya riadha kwenye lori, tutawaambia washike goli la chuma lisianguke, tutawapeleka mtoni kuchota maji ya kumwagilia bustani ya shule. Nani kati yetu atauliza nani analipa mmoja akiumia? Tumezoea kusema Mungu atasaidia, na Mungu tunamwachia hata kazi ambazo ametupa sisi akili ya kuzifanya. Mwalimu anayecheka mtu mwingine kwa kuuliza swali hilo, mimi mtoto wangu simpi.

Kwa hiyo ujumbe wangu kwa kaka, na najua anasoma: usitoze hata senti mpaka majibu yale manne yawe mkononi. Jiunge na chama, kata bima, funga uzio, halafu fungua uwanja na uwaite watu kwa moyo mweupe. Ikishindikana, chukua koleo, sawazisha ile miruko, panda mahindi.

Nawakilisha. Mnaobisha njooni na hesabu, matusi mnaweza kuyaacha chumbani.